Jeconia Amekufa Kwa Kompyuta Zote Tano

Base yetu iko Silanga, nje ya cyber ya Trizah: benchi moja ya mbao, birika ya Mbuvi juu ya jiko, na magunia ya makaa ya Jael upande ule mwingine. Hapo ndipo watu wenye kazi huja kuacha kufanya kazi. Mimi huja kwa sababu ya kahawa, sio akili, maana akili hapo hakuna. Leo mchana mlango wa cyber ulikuwa wazi, na ukiwa kwa benchi ungeona kompyuta tano, na kwa kila moja uso wa Jeconia, anatabasamu, chini imeandikwa LALA SALAMA. Jeconia mwenyewe alikuwa ameketi katikati yetu, kikombe mkononi, jasho linamtoka.

— Hebu rudia pole pole, nikamwambia. Ulijiua aje?

— Sikujiua! Nilikuwa natengeneza sampo.

Jeconia ndiye huchora posta za matanga hapa mtaani.

— Mteja anataka kuona posta itakaa aje. Sasa niweke uso ya nani? Ukiweka ya mtu ako hai si atakutandika? Nikaweka yangu.

— Hapo uko sawa, akasema Jael. Huyu tunamwita Wakili. Aliwahi kuwa shahidi kortini mara moja na mpaka leo hajapona.

— Nikataka kuiona ikijaza skrini. Trizah ameenda Gatina kuchukua printa, ameniachia kompyuta yake wazi. Nikaiweka hapo iwe picha ya skrini. Kumbe hiyo akaunti yake ndio mama.

— Mama ya nani?

— Ya zote! Si kila mtu hapa ako na akaunti yake? Kwaya wako na yao, chama wako na yao, mimi niko na yangu. Zamani kila mtu alikuwa anajipangia. Kwaya wakakuza herufi mpaka neno moja linajaza skrini. Kuna mzee alificha alama ya printa kwa skrini, akasahau ameificha wapi. Trizah akachoka. Hizi mashini ni za Linux, akazipanga zote zifuate setingi za akaunti yake, akapiga lock. Yeye akibadilisha, kila mtu amebadilishiwa. Wengine hatuwezi gusa.

— Si urudi kwa hiyo ya Trizah uitoe?

— Nilienda kukula chapo madondo. Kurudi, imejifunga. Inataka paswadi, na simu ya Trizah imezima.

Mtu mwenye akili angecheka aende zake. Shida ni kwamba Jeconia akila chapo, aliingia Nderitu, caretaker wa plot yake, kuchapisha tangazo la maji. Akafungua akaunti yake, akakutana na mpangaji wake amelala salama. Alitoka mbio. Na nyumba ya Jeconia si ya mchezo: sakafu ya simiti, mabati hayavuji, bomba iko mlangoni. Nyumba kama hiyo haingoji matanga iishe.

— Mpigie Nderitu, nikasema.

— Nimempigia. Nikamwambia, "Ni mimi, Jeconia." Akapiga nduru, akazima simu.

— Enda kwa plot basi!

— Nimetoka huko. Aliniona kwa geti akaruka ukuta. Wasee, nisaidieni. Ile nyumba nimeitafuta miaka!

Hapo Mutiso akasimama. Mutiso huchomelea mageti, kwa hivyo anajiita Injinia.

— Hii ni stima. Kompyuta zote ziko kwa extension moja, picha imeteremka na waya. Chomoa zote, ngoja zisahau, halafu rudisha.

Tukachomoa. Tukangoja. Tukarudisha. Jeconia akafungua akaunti yake mwenyewe, akajikuta bado amelala salama. Akajaribu kujitoa. Kompyuta ikamwambia hana ruhusa.

— Kwa akaunti yangu! akalia. Uso ni yangu, na sina ruhusa!

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akasema Injinia, akijipangusa mikono.

— Ngamani ni wapi? nikamuuliza.

— Ukipita Kawangware kidogo. Ndiko Trizah ameenda.

Nilitaka kumrushia kikombe, lakini kilikuwa na kahawa.

— Tuongee sheria, akasema Wakili. Hapa kuna kompyuta tano zinasema umekufa. Hao ni mashahidi watano. Wewe unasema uko hai. Uko peke yako, na tena ni kesi yako. Korti itaamini nani?

— Jael, si unaniona?

— Mimi nakuona. Lakini sina akaunti hapo, siwezi hesabiwa shahidi.

Mbuvi alikuwa akichochea jiko. Mtu akichochea hivyo, jua anapika upuzi mkubwa.

— Na kama ni ukweli? akasema. Huko kwetu Kitui mtu anaweza kufa na asijue, mpaka aambiwe. Labda kompyuta imejua kabla yako. Wacha tupime. Maiti haisikii moto.

Akammiminia kahawa kutoka kwa birika inayochemka. Jeconia akapiga fundo moja, akaruka, akatema, akaita mama yake.

— Umeona? nikasema. Ako hai.

— Huo ni ushahidi wa mdomo tu, akasema Wakili.

Kutoka kanisani tukasikia kwaya wameanza. Wimbo wa mazishi. Lazima Nderitu alipitia huko. Jeconia akatega sikio, machozi yakamlengalenga.

— Hata hawajaningoja, akasema. Na besi wanaharibu. Besi ni mimi.

Ndio nikaona mkokoteni unakuja, godoro juu, sufuria zikigongana. Nyuma yake mama mmoja anasukuma, leso imefungwa kiunoni kwa kazi. Akasimama mbele yetu, akapumua.

— Sasa nyinyi. Mimi naitwa Katunge. Natafuta nyumba ya Jeconia, yule marehemu. Caretaker ameniambia iko na bomba mlangoni.

Mbuvi akageukia jiko. Injinia akaangalia extension. Jeconia alitia mkono mfukoni, akashika ufunguo wake kwa nguvu.

— Kabla sijaingia, nataka kujua kitu moja tu, akasema Katunge. Alikufa na nini? Niko na watoto.

Kwaya wakafika kiitikio.

Jeconia akasonga kidogo, akampangusia benchi kwa mkono.

— Keti, mama, akasema. Hata mimi ndio nangoja kuambiwa.