Wembe wa Shangazi na Mukono Uliovuma

Vuum, vuum, vuum. Mwanzo nilifikiri redio ya jirani imechoka betri. Hapana, ndugu zangu, mulio ule ulitoka ndani ya mukono wangu wa kushoto. Bwana asifiwe, leo umenyamaza.

Kazi yetu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, munaijua: kupasua samaki kabla ya kuwakausha. Mwaka wa sabini na nne kisu kiliteleza, kikanichoma karibu na kiwiko. Kidonda kikapona, nikasahau. Miezi ikapita, mishipa ikavimba kama kamba za wavu uliolowa, mukono ukaanza kuvuma. Nikibeba kikapo kimoja tu, moyo unakimbia. Nguo yangu ya kwaya nikaishonea mikono mirefu, nifiche.

Shangazi aliyenilea akaweka sikio, akacheka. "Wee mutoto, hata mukono yako iko na kwaya." Kisha akaacha kucheka. "Hii ni ngulu, pepo ya ziwa. Kesho nachanja hapa, nimufungulie mulango atoke." Akanunua wembe mupya. Ndivyo tulivyozoea: panaposumbua ndipo panapochanjwa.

Nikaenda kanisani kuomba. Nilipiga magoti nimeushika mukono, kidole gumba kikakaa juu ya kovu. Kimya. Nikakiinua: vuum. Nikakirudisha: kimya. Ndugu zangu, sikusoma sana, lakini nilijiuliza: ni pepo gani anayezibwa na kidole?

Nikamwambia, "Shangazi, wembe ungoje. Tuanze hospitali."

Tukaenda wote wawili, dokta wa misioni akausikiliza mukono. Nikamwonyesha kidole changu kinavyouzima mulio. Akaweka chake palepale.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa naomba."

Akatueleza: kisu kilitoboa mushipa unaopeleka damu na ule unaoirudisha, ikapona ikiwa imeungana. Damu inapita njia hiyo ya mukato kwa nguvu, ndiyo inayovuma, na moyo unachoka. "Mungechanja hapa, damu isingesimama."

Shangazi akakaa chini, pale pale sakafuni.

Dokta alinipasua, akaziba ile njia. Nilipozinduka niliweka sikio kwenye mukono, nikasikia kimya, nikalia kwa furaha. Ndugu zangu, Mungu alinisaidia kupitia kidole changu mwenyewe, na ninajivunia yeye. Wewe unayeficha jambo lako, mupelekee. Hata kuficha hakutakuwa na kazi tena.

Siku niliyorudi nyumbani, Shangazi alipokwenda kuteka maji, niliutoa ule wembe kwenye karatasi yake. Nikakata mikono ya nguo ya kwaya, yote miwili, juu ya kovu, lionekane.