Cherehani Isiyosita

Treni ya asubuhi ilikuwa ikinibembeleza usingizini. Mbele yangu dijei mmoja, kompyuta mapajani, alimvisha mama aliyeketi naye hedifoni. Walikuwa wamefahamiana vituo viwili tu nyuma.

"Sikiliza, mama. Hiyo ni cherehani ya marehemu mama yangu. Nilimrekodi akishona, nikaigeuza mdundo. Jumamosi naupiga kwenye tamasha, mara yangu ya kwanza."

Mama yule alikuwa fundi nguo. Pini zilijipanga kwenye ukosi wake. Alifumba macho. Nje mashamba yalipita polepole, kama na yenyewe yanasikiliza.

"Inakwenda vizuri," alisema, "ila anayeshona hapa si binadamu. Hasimami hata kwenye kona ya nguo?"

"Alikuwa anasimama sana, mguu ulimsumbua. Nimeyanyoosha mapigo kwa kompyuta, yote yalingane. Mdundo ukisita, wanaocheza wanajikwaa."

"Waache wajikwae, mwanangu."

"Na madijei wenzangu wanicheke?"

"Basi ungekuja kurekodi cherehani yangu. Mimi miguu yangu yote mizima." Mafundi hawa, wakikupima hawakuonei haya.

Dijei akafungua rekodi ya kwanza, ile ambayo hakuigusa, akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikatoka kwenye kompyuta. Tukasikia sote. Cherehani ikakimbia, ikakimbia, ikasita. Na pale iliposita, sauti ya mwanamke aliyechoka ikauliza, "Umekula lakini?"

"Bado, mama," dijei alijibu, na treni ikasimama.