Kadi Niliyoipeleka kwa Mama Shija

Mwenyekiti, ahsante. Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo, asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu, na wazee wangu, kwa Kisukuma chetu, mwadila. Naomba niongelee hapa hapa mlangoni. Mbele siendi, maana habari hii inaweza kunishinda katikati, na nikishindwa nataka niwe karibu na nje.

Mmeuliza kama sisi wa kamera, wa cherehani, wa mabango na wa kwaya tutumie hela ya kikundi tuletewe mwalimu wa lugha ya kompyuta. Mzee wetu wa mabango amesema sisi ni watu wa sanaa, mambo hayo tuwaachie wenyewe. Wengi mmemuunga mkono. Mimi nimekaa kimya, kwa sababu maneno hayo hayo nilikuwa nayasema mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Mnanijua kwa kadi za harusi. Kabla ya kompyuta nilikuwa naandika majina kwa kalamu, na mkono wangu ulikuwa na maringo, nisiwafiche. Watu walikuwa wanatoka Kahama kuja Masumbwe ili jina lao tu liandikwe na mimi. Halafu kazi zikawa nyingi, kamati zikawa zinaleta majina mengi dakika za mwisho, vidole vinauma. Rafiki yangu mmoja wa Mwanza, mchoraji kama mimi, akanitumia skripti. Wasioijua, ni maagizo unayoiandikia kompyuta mstari kwa mstari: chukua jina hili, liweke hapa, likiwa refu punguza herufi, nenda linalofuata. Akaniambia, "Kaa siku chache ujifunze inavyosomeka, ni rahisi." Nikamjibu, "Ndugu yangu, mimi ni msanii. Nipe inayofanya kazi."

Ikaja harusi moja kubwa. Ukoo wa bwana harusi ni watu wa machimbo, baba yake mkubwa ana duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, kule Mwakitolyo. Kamati ikaniletea majina, na mbele ya kila jina wameandika kama kadi ni ya mtu mmoja au ya wawili. Nikaiwasha skripti. Kompyuta ikagoma, ikatoa maandishi mekundu, ikanionyesha mstari inaoulalamikia. Mtu mwenye akili angeuliza mstari huo unasema nini. Mimi niliufuta. Nikahangaika kidogo na nafasi za mwanzo wa mistari, nikabonyeza tena, ikakubali.

Ndugu zangu, nawaambia nilifurahi kama nimepata mawe ya dhahabu. Kadi zikatoka kwenye printa zinang'aa, dhahabu pembeni, majina yamelala katikati kama yalivyotakiwa. Nikazipiga picha nikaziweka kwenye simu watu waone. Sikuzisoma hata moja. Nikamkabidhi bodaboda, nikaenda kula.

Ule mstari nilioufuta ndio uliokuwa unauliza: huyu kaalikwa peke yake au na mwenzake? Bila ule mstari, kompyuta iliwaalika wote wawili wawili. Padri akapata kadi ya "Padri na mwenza wake".

Mnacheka. Chekeni, hata yeye Padri alicheka, akasema kadi hiyo hawezi kuionyesha kwa Askofu. Katibu wa kamati hakucheka. Alinipigia simu akanisema mpaka mke wangu akatoka nje kwa aibu. Na aliyeandikwa kwa jina la mtoto wake, akiwa Mama fulani, kompyuta ilimwongezea Baba fulani mbele yake.

Sasa kuna mama mmoja, nitamwita Mama Shija, ingawa si jina lake. Mume wake alikwenda kuchimba miaka ya nyuma, hakurudi. Wengine walisema kafukiwa, wengine walisema kavuka kwenda Kongo na ana mke huko. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta salamu. Matanga hayakukaliwa, kwa sababu ungemlilia vipi mtu ambaye labda yuko hai? Mwanamke huyo akawa hajui ajiite mjane au mke. Akakaa hivyo, akalea watoto, akazoea.

Huyo ndiye aliyepelekewa kadi ya "Baba Shija na Mama Shija". Imetoka kwa nani? Kwa watu wa machimbo. Ebu fikirini, ingekuwa wewe ungefikiri nini?

Alikuja dukani asubuhi, amevaa vizuri, kadi ameifunga kwenye kitambaa. Nikamwamkia, akaitika. Akaniuliza, "Mwanangu, kadi hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Jina la Baba Shija ulipewa na nani?"

Dukani kulikuwa na wateja. Katibu alikuwa ametoka kunifokea tena kwenye simu. Nilikuwa nimechoka kuonekana mjinga. Nikamwambia, "Majina huwa naletewa na kamati, mama. Mimi ni wa kuchapa tu."

Nililiona jibu hilo linavyomwingia. Uso ulifunguka. Akasema, "Kumbe wapo wanaojua aliko." Mimi sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilijifanya natafuta karatasi chini ya meza mpaka nikasikia ameaga. Padri angeweza kunicheka na yakaisha, lakini hili lilikuwa jingine kabisa, na nilijua saa ile ile kwamba ni jingine. Nilikuwa nalijua, ndugu zangu. Msije mkasema sikujua.

Alikwenda kwenye kamati. Huko nako kila mtu akamsukumia mwenzake, wakamwambia labda baba mkubwa wa bwana harusi ndiye mwenye habari za machimbo. Huyo simu yake haikupatikana. Basi mama akaona hakuna haja ya kuhangaika, siku ya harusi watu wa machimbo watakuja wote, na mume wake akiwemo. Mimi hayo nilikuwa nayasikia kwa watu. Kila siku niliamka nikisema leo nakwenda kumwambia. Sikwenda.

Siku yenyewe nilikuwa ukumbini na kamera, kwa sababu kazi ya video nayo ilikuwa yangu. Nikawa nazungusha kamera kwenye meza za wageni nikamwona. Amekaa, kitenge kipya, kiti cha pembeni yake kina mfuko. Wahudumu wanakuja kutaka kile kiti, watu wengine wamesimama, yeye anawaambia, "Kuna mtu." Wanakwenda, wanarudi, anawaambia tena, "Kuna mtu, yuko njiani." Kila mlango ukifunguliwa anageuka.

Nikazima kamera. MC alikuwa ananiita nije upande wa keki, nikamwacha aite. Nikaenda nikachuchumaa pale mbele yake. Nikamwuliza mfukoni kuna nini, sijui kwa nini nilianza na swali hilo. Akasema, "Shati lake. Anatoka machimboni huyo, atakuja na mavumbi. Nimemletea abadilishe."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kamati hawakuniletea jina la Baba Shija. Ni mimi. Nilifuta kitu kwenye kompyuta bila kujua ni nini, ikaandika yenyewe. Na ulipokuja dukani nilikudanganya."

Akanitazama. Muziki ulikuwa mkubwa, nikadhani hakusikia. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyemwona?"

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja."

Hakulia. Alichukua ule mfuko akaupakata. Akamwita mhudumu akamwambia, "Kiti hiki kiko wazi, wapeni watu wakae." Akakaa mpaka mwisho, akala, akapanga foleni akatoa zawadi, maana kuondoka katikati kungewaaibisha wenye shughuli. Na mimi nikarudi kwenye keki.

Baada ya hapo nilifunga duka. Nilimwambia mke wangu kompyuta iuzwe. Nikakaa nyumbani, nikawa napita njia za nyuma nisikutane na watu, ndevu zimeota kama za mzuka. Kalamu yenyewe nikiishika naona kinyaa. Mke wangu alivumilia, halafu siku moja akanichoka. Akaniambia, "Kompyuta haikumdanganya yule mama. Ukiiuza, mwongo atabaki hapa hapa nyumbani." Nilikasirika sana. Ila kompyuta sikuiuza.

Ndiye aliyekwenda kumwomba mwalimu mmoja wa sekondari, dada mpole, anifundishe wakati wa likizo. Nilikaa kibarazani kwake kama mtoto wa chekechea. Alinipa ile ile skripti ya rafiki yangu, akaniambia nisome mstari mmoja mmoja na nimweleze kwa Kiswahili unaagiza nini. "Kama huwezi kuueleza, usiubonyeze," ndiyo ilikuwa sheria yake. Tulipofika kwenye ule mstari, nikasema, "Huu unauliza kama mtu amealikwa peke yake." Nikashindwa kuendelea. Akaenda kuleta chai, akakaa huko ndani muda mrefu makusudi.

Haikuwa ngumu kama nilivyoogopa, na haikuwa rahisi kama nilivyotaka. Leo naweza kusoma, naweza kurekebisha kidogo, nikikwama nauliza. Sijawa mtaalamu, na wala sitaki. Lakini kadi ikitoka dukani kwangu najua kwa nini imeandikwa hivyo, na nazisoma zote kwa sauti kabla hazijaondoka. Bodaboda wananiita Mzee wa Misa. Waniite tu.

Kwa hiyo mzee wangu wa mabango, kwa heshima zote, nakupinga. Anayetaka kubaki na brashi yake abaki nayo, mkono hauna kosa. Lakini ukishaipa mashine kazi ya kuongea na watu kwa jina lako, jifunze inachosema. Usanii hauwezi kuwa kichaka cha kujifichia. Mimi nilijificha humo na mtu akaumia.

Namshukuru mke wangu, aliyeniambia ukweli. Namshukuru mwalimu. Namshukuru rafiki yangu wa Mwanza, aliyenipa kitu kizuri nikakiharibu. Nakishukuru kikundi hiki, kilinirudisha bila kuniuliza maswali.

Mama Shija simshukuru. Najua mtu akisimama hivi huwa anasema niliyemkosea amenifundisha. Yeye hakunifundisha kitu. Alikuwa ameshazoea, nikamrudisha mwanzo, akaanza kusubiri upya, halafu akaacha upya mbele za watu. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha mara ya pili, akanikaribisha kiti, akanisikiliza, akasema amesamehe. Nadhani ni kweli. Mimi ndiye sijapata pa kuuweka msamaha huo.

Kura yangu ni ndiyo, mwalimu aje. Ila makofi msinipigie, tafadhalini. Yule mama anaishi mji huu huu, na makofi yanasikika mbali.