Baada ya Saa Sita

Kijiwe cha Chaani kiko ubavuni mwa banda la Rama Betri, mbao mbili juu ya matofali, na birika la kahawa la Ishaka katikati. Jumanne moja ya mwaka wa tisini na tatu, Kalama alifika hapo adhuhuri imeshaadhiniwa kitambo. Alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache, na wenzake walijua ametoka hospitali. Mkewe, Kahaso, alijikata mguu kwa jembe wiki iliyopita. Kidonda kilifura, homa ikampanda, na alfajiri ile alimtazama mumewe asimtambue. Kalama alikuja nyumbani mara moja kuwaangalia watoto walioachwa kwa jirani. Sasa alitaka kurudi, lakini kuna neno halikumkaa sawa kichwani.

— Vipi mgonjwa? Ishaka aliuliza, akimmiminia kikombe.

— Yuahema mbio. Daktari asema uchafu umeingia kwenye damu. Wamemtoa damu asubuhi, nikaipeleka mwenyewe mjini kwenye barafu, maana pale hawana mashine. Majibu yakaja sita. Asema ni nyingi.

— Sita nini? Rama aliuliza.

— Sijui. Tindikali. Ina jina la kizungu, kama lastiki.

Shee, ambaye kwa kusikiliza redio mchana kutwa aliitwa Waziri, aliweka kikombe chini.

— Lastiki ni mpira, bwana. Damu haina mpira.

— Nimesema kama lastiki. Wamemtia dawa na maji ya mshipa, na watamtoa damu tena. Daktari kaniambia, "Baada ya saa sita. Uwepo, uipeleke." Sasa ni saa sita gani?

Hapo ndipo kijiwe kilipochangamka.

— Saa sita ya mchana, alisema Shee. Angekusudia kuhesabu, angesema masaa sita.

— Masaa ni yako wewe na redio yako, alisema Ishaka. Msomi husema saa. Saa sita, yaani zihesabiwe sita.

— Kama ni saa sita ya mchana, nimeshachelewa, Kalama alisema polepole. Damu ishatolewa, yaningoja. Wamesema ikikaa yaharibika.

Alinyanyuka nusu, akakaa tena. Wageni wa wagonjwa huruhusiwa saa kumi, na bawabu alikuwa amemuonya kwamba asirudi kabla hajaitwa au bila kujua alichofuata.

— Ngoja, tutulie, alisema Rama. Tindikali naijua mimi. Betri ikiletwa imekufa, naipima. Naitia chaji. Nikiipima papo hapo, sipati kitu. Lazima niiache ifanye kazi, halafu nipime tena nijue yaamka au ndiyo basi. Mkeo wamemtia chaji.

Kalama alimwangalia. Katika yote aliyoyasikia siku hiyo, hilo ndilo lililokaribia kumwingia.

— Na betri waiacha saa ngapi?

— Inategemea betri.

— Basi hujasema kitu, Shee alimkatiza. Mimi mwanishangaza mnaoamini ni kupima. Mtu apimwa mara moja, wajua ugonjwa, watibu. Ya pili ni ya nini? Wallahi hiyo ya pili yaenda kwengine. Kuna madaktari Ulaya wanaandika vitabu, wataka damu za watu wa pwani.

— Kichupa kimoja? Ishaka aliuliza.

— Kichupa kwa kichupa, mwaka mzima, ni pipa. Na mapipa huyaoni bandarini? Kalama mwenyewe ayapakia.

— Nnayopakia ni ya mafuta ya nazi.

— Umeyafungua?

Kalama hakuwahi kuyafungua. Kwa kitambo kidogo, kwa uchovu tu, alijiona amebeba damu ya mkewe begani akipanda nayo melini. Akajipangusa uso.

— Sikilizeni, alisema Ishaka. Tufanye ni saa sita za kuhesabu. Zahesabiwa tangu wapi? Tangu damu ilipotoka, au tangu dawa ilipoingia?

— Tangu majibu yalipokuja, alisema Rama. Kabla ya majibu daktari hajui kitu.

— Lakini ugonjwa wajua, alisema Ishaka. Ugonjwa haungoji majibu.

— Basi ni tangu alipojikata na jembe, alisema Shee, na sasa hata yeye hakuonekana kujiamini.

Mama mmoja alikuwa amesimama kando akingojea redio yake itiwe betri. Aliitwa Mueni, amehamia mtaani mwezi huo kutoka Machakos.

— Pole kwa mgonjwa, alisema. Hiyo damu ya kwanza walitoa saa ngapi?

Shee alimtazama Rama. Rama alimtazama Ishaka. Wote wakamgeukia Kalama, naye akafungua mdomo. Alikumbuka barafu ikimlowesha magoti, alikumbuka gari likikwama Makupa njiani kwenda mjini. Saa hakuwa nayo, na hakuna aliyemwambia.

— Sijui, alisema.

Akaondoka mbio, kahawa hajaigusa. Bawabu alipomzuia, alisema ameitwa, na hakusimama kueleza.

Muuguzi alikuwa kando ya kitanda, akimfunga Kahaso mpira mkononi.

— Tulimtoa saa mbili na nusu, alisema. Sasa ni saa nane na dakika ishirini na tano, bado dakika tano zitimie saa sita. Ulikuwa wapi?

Kalama aliegemea ukuta. Akapokea kikombe cha barafu chenye kichupa ndani, akashika njia ya mjini.

Jioni karatasi ilirudi imeandikwa tatu na nukta tisa. Muuguzi aliisoma, akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika.

— Lakteti, ile tindikali ya damu, imeshuka. Bado iko juu, lakini imeshuka.

Kalama aliitazama ile tatu na nukta yake. Ilikuwa ndogo kuliko sita, hilo alilielewa. Mengine yalimpita: nani alianza kuhesabu, na kwa nini muuguzi aridhike na mgonjwa bado yuahema. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

Kahaso alifumbua macho, akamtazama muda mrefu.

— Kalama, alisema. Watoto wamekula?