Mgeni Halishwi Shida

Kwenye basi la Singida, mzee Alute wa Misigiri alikaa kando yangu na jogoo mapajani. Jogoo alikuwa akinidonoa, mzee akitazama dirishani. Mama aliyempakata mtoto akamwamkia, kisha akauliza kama yule mtafiti aliyepita vijijini akiuliza shida za matibabu alifika kwao pia.

"Alifika. Tukamchinjia kuku, tukamwambia hatuna shida. Mgeni halishwi shida, mwanangu."

"Sisi tulimweleza, baba, kwamba tunajifungulia njiani. Ndipo tukaletewa zahanati. Huyu kazaliwa humo, namshukuru Mungu."

"Mlikosa adabu."

"Tulikosa, baba," akajibu, akimbusu mtoto.

Basi liliposimama kijijini kwa yule mama, mzee naye akateremka. "Jogoo huyu ni wa mganga wa zahanati yenu," akasema. "Amemponya mke wangu. Lakini adabu mlikosa."