Mama Nyongo, Aliyetufundisha Kutazama Nepi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, ya mwanzo katika wodi ya upasuaji na iliyobaki yote katika kliniki ya mama na mtoto, muuguzi mwenzetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye orodha ya watumishi ana majina matatu kamili. Kwenye korido zetu ana moja tu: Mama Nyongo. Wageni walioelekezwa kwake walibisha hodi kwa woga, wakidhani wanakwenda kukutana na mtu mchungu. Walikuta mama mfupi, mcheshi, mwenye kicheko kinachotangulia salamu. Mimi ninayeandika haya ni jirani yake wa dirisha la dawa. Kilichotutenganisha ni ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo masomo yake nimeyasikia kiasi cha kuweza kuyafundisha nikiwa nasinzia.

Jina lenyewe lilianzia chumba cha upasuaji. Daktari bingwa wa wakati ule hakupenda muuguzi ampe vifaa huku akitazama ukutani. Alimwambia binti huyu mgeni asogee, aone. Akaona ini, limejibana chini ya mbavu upande wa kulia, zito, la rangi ya damu ya mzee, linang'aa. Chini yake kilining'inia kifuko cha kijani chenye umbo la parachichi changa. Siku hiyo alitoka kazini akisimulia kama mtu aliyetoka harusini. Mpishi wa hospitali, ambaye alisimuliwa hayo yote akiwa anasubiri sahani zirudishwe, ndiye aliyembandika jina. Likaganda.

Tangu hapo hakukubali mtu aseme kwamba nyongo inatengenezwa na kile kifuko. Inatengenezwa na ini, mchana na usiku, bila likizo. Kifuko kinaihifadhi tu na kuikoleza. Chakula chenye mafuta kikishuka kutoka tumboni, kifuko kinajiminya, nyongo inapita kwenye mrija mwembamba hadi mwanzo wa utumbo mdogo, na huko inavunjavunja mafuta ili mwili uweze kuyatumia. Wanafunzi wa uuguzi waliochanganya mambo hayo walipata jibu moja: "Ghala halilimi, mwanangu. Rudia."

Alipohamia kliniki, alimwomba mumewe, fundi cherehani, amshonee ini la kitambaa la kufundishia akina mama. Fundi akafanya kazi safi kabisa, ila alilishona kinyume, tundu la mrija likatazama juu na kifuko kikakaa mgongoni. Mkewe akamfumulia vyote mezani. Fundi husimulia mwenyewe: "Nguo za watu nimekosea nyingi na wamevaa. Ini nimekosea mara moja tu, na nyumba nzima haikulala." Ini la pili lilitoka sawasawa, na kifuko chake cha kijani kilifungwa kwa kishikizo ili kiweze kutolewa.

Yote hayo yangeweza kubaki vichekesho vya kazini. Ila kuna mtoto mmoja ambaye hatuwezi kuandika wasifu huu bila kumtaja.

Aliletwa kliniki kupimwa uzito, mwezi wake wa pili ukiwa umeanza. Mama yake alikuwa mzazi wa mara ya kwanza, mpole, anayejibu akitazama sakafu. Mtoto alikuwa mchangamfu, ananyonya vizuri, ila macho yake yalikuwa na umanjano na uzito ulipanda kwa kusuasua. Watoto wengi huwa manjano siku za mwanzo, kisha umanjano huisha wenyewe. Wa huyu ulikuwa haujaisha. Mama Nyongo akauliza swali lake la kila siku: choo cha mtoto kina rangi gani? Mama akasema hajui, nepi zinafuliwa na mama mkwe. Kwa bahati mtoto akajibu mwenyewe hapohapo mezani. Choo kilikuwa cheupe, kama udongo mweupe wa mfinyanzi.

Upande wa pili wa mbao nilisikia kiti kikisukumwa nyuma. Kisha akamwita daktari.

Daktari alimpima, akabonyeza taratibu chini ya mbavu za kulia, akaagiza vipimo vya damu. Majibu yalipotoka hakuficha kitu. Rangi ya choo hutoka kwenye nyongo. Choo kikiwa cheupe, maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo. Kwa mtoto huyu, huenda mirija ya nyongo ilikuwa imeziba tangu kuzaliwa. Nyongo inayokosa njia hurudi nyuma na kuliharibu ini lenyewe. Alitakiwa kwenda hospitali kuu upesi, maana upasuaji wake ukichelewa haufui dafu. Mama akatikisa kichwa kukubali, akambeba mtoto, akaondoka. Siku ya safari hakutokea. Simu ikaita bila kupokelewa.

Mama Nyongo hakungoja kibali cha mtu. Baada ya zamu alivua aproni, akaenda nyumbani kwao kwa miguu. Aliyemfungulia mlango ni bibi wa mtoto, mwenye nyumba na mwenye kauli. Baba wa mtoto alikuwa safarini na lori. Mama wa mtoto alikaa kwenye kona ya sebule, macho yamevimba.

"Mtoto anacheka, ananyonya," bibi akasema. "Mnataka kumpasua kwa sababu ya nepi?"

"Sitaki apasuliwe, mama. Nataka akue."

"Baba yake alikuwa hivihivi. Tulimwotesha jua, akatakata. Wewe binti unanikata maini."

"Ya kwako mama yanakatwa na maneno, kesho yatapona. La mjukuu wako linaharibika kweli."

Bibi akamgeuzia mgongo, akaenda jikoni kuosha vyombo. Mtu mwingine angeaga. Mama Nyongo alimfuata. Kwenye karo kulikuwa na sufuria iliyokaangiwa, imejaa mafuta yaliyoganda. Ini la kitambaa alikuwa ameliacha kliniki, hana kitu mkononi. Akasogeza sabuni pembeni.

"Mama, hebu ioshe hiyo kwa maji matupu."

"Umekuja kunifundisha kuosha sufuria nyumbani kwangu?"

"Nisamehe. Jaribu tu."

Bibi akasugua kwa hasira. Mafuta yakahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yakamganda vidoleni.

"Maziwa ya mama yana mafuta," Mama Nyongo akasema kwa upole. "Ndiyo yanayomnenepesha mtoto. Nyongo ndiyo sabuni yake. Mjukuu wako ananyonya mchana kutwa, lakini tumbo lake linaosha sufuria bila sabuni."

Bibi akasimama na mikono yake yenye mafuta.

"Na hiyo sabuni yake iko wapi?"

"Iko kwenye ini. Imekosa njia. Madaktari wanataka kuitengenezea njia."

Mama Nyongo anasema hakushinda yeye siku ile. Aliyeshinda ni bibi, aliyejishinda mwenyewe. Alinawa, akampigia mwanawe simu huko njiani na kumwambia, hakumwomba. Kisha akaingia chumbani kufungasha, na asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye gari la hospitali, mjukuu kifuani, mkwewe kando yake.

Wapasuaji walichukua kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe, wakakiunganisha na ini pale nyongo inapotokea, ili ishuke bila kupitia mirija iliyoziba. Kisha ikawa kungoja. Upasuaji ule haukubali kwa kila mtoto, na Mama Nyongo aliijua hesabu hiyo kuliko sisi. Siku hizo kicheko chake kilipotea. Alipima watoto, aliandika uzito, alikula mkate wake bila kuuona.

Simu ililia kliniki asubuhi moja, foleni ikiwa imefika nje. Sauti ya bibi ilisikika hadi dirishani kwangu: "Kijani! Muuguzi, ni kijani! Nimeishika mkononi hapa!" Mama Nyongo alikaa chini sakafuni, simu sikioni, akalia mbele ya akina mama wote. Walipoambiwa analia kwa sababu ya nini, foleni nzima ilipiga vigelegele kwa ajili ya nepi chafu.

Mtoto yule leo ni msichana anayemzidi mama yake kimo. Ini lake litahitaji kuangaliwa maisha yake yote, na kila anapokuja kuchunguzwa hupita kwanza chumba cha Mama Nyongo, wakafunga mlango, wakacheka mambo yao. Tangu mwaka ule, hakuna mtoto anayepita kliniki yetu bila kuulizwa rangi ya choo. Daktari wetu amelipeleka swali hilo kwenye vituo vyote vya jirani, na vituo viwili vimewahi kugundua watoto mapema kwa sababu yake. Wauguzi aliowalea wametapakaa kila mahali. Ukikutana na muuguzi anayesema ghala halilimi, ujue katoka mikononi mwake.

Mumewe ametuomba jambo moja: tumrudishe nyumbani akiwa na mada mpya za mezani. Hatuahidi.

Dada yetu, asante kwa kusogea pale ulipoambiwa utazame, na kwa kutusogeza na sisi. Asante kwa miguu iliyokwenda nyumba ambayo haikukualika. Kiti chako kitapata mtu. Pengo lako tutajifunza kuishi nalo. Nenda ukalale hadi jua lipande, chai ipoe mezani bila mtu kukuita. Afya njema ikuandame, wewe na fundi wako, na siku zako zote zijazo ziwe nyepesi na zenye kicheko.