Hati ya Jengo la Pili na Karani Wake, Hudson Wabwile

Mchungaji, wakazi wa Jengo la Pili, wafanyakazi wenzake, na wewe wifi yangu Jecinta unayetusikiliza kwa simu kutoka Kimilili pamoja na watoto, mimi ni Rispah, mdogo wake marehemu, nafanya kazi ya usafi katika hoteli moja huko Dubai Marina, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, kabla mwili haujasafirishwa Jumapili. Yeye mwenyewe aliniagiza mambo mawili, kwamba nisome yote bila kuruka, na kwamba kila mkazi atie sahihi kwenye daftari la mlangoni, nanyi mmetia, asanteni, sababu mtaijua tukifika mwisho.

Marehemu Hudson Wabwile alizaliwa tarehe 9 Machi 1978 huko Kimilili, Bungoma, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Zakayo, aliyekuwa karani wa mikutano katika kanisa la Marafiki, na Mama Truphosa. Alisoma shule ya msingi kijijini kwetu kuanzia mwaka 1985 hadi 1992, akaingia sekondari mwaka 1993 na kumaliza 1996, ambako alikuwa kiranja wa bweni, na wenzake wanakumbuka kwamba hakuna mtu aliyefagia choo kwa adhabu kabla ya kusomewa kosa lake na kuulizwa kama ana la kusema. Kati ya mwaka 1998 na 2000 alisomea utawala wa serikali za mitaa jijini Nairobi, akapata diploma.

Mwezi Februari 2001 aliajiriwa kuwa karani msaidizi katika baraza la mji, akafanya kazi hapo hadi mabaraza yalipovunjwa mwaka 2013 na kaunti zikaingia, naye akachukuliwa na kaunti kwa mkataba. Mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa watu waliokaa miezi mitano wakiandaa hati ya manispaa, yaani ile hati inayosema mji una ofisi zipi, nani anamteua nani, bodi ina uwezo gani na meneja ana uwezo gani, na mwananchi asiye na cheo aulize wapi na ajibiwe lini. Sisi nyumbani tulichoka kuisikia, hata kwenye matanga ya shangazi aliizungumzia, lakini nakiri leo kwamba sijawahi kumwona kaka yangu akiwa na furaha kama miezi ile.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Jecinta, wakajaliwa watoto wawili, Fridah aliyezaliwa mwaka 2006 na Nick aliyezaliwa mwaka 2010. Wifi yangu ameniruhusu niseme kwamba malalamiko yake yote ya ndoa yalijibiwa ndani ya siku saba, kwa maandishi, yakiwa na namba pembeni, na kwamba majibu hayo yamo ndani ya sanduku lake la nguo na hataki mtu ayaguse.

Mkataba wa kaunti ulipokwisha alikuja hapa Dubai, tarehe 14 Januari 2019, akawa mlinzi katika lango la ghala moja huko Jebel Ali, akapangiwa kitanda katika Jengo la Pili, lenye wakazi mia moja na kumi na wanane kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, na jiko moja lenye meko manne. Wakati huo ufunguo wa jiko ulikuwa kwa ndugu yetu Alfred, ambaye ameketi pale na amenikubalia nimtaje, na Alfred huyohuyo ndiye aliyepanga ratiba ya kupika, na ugomvi ukitokea ndiye aliyekuwa hakimu, basi rafiki wa Alfred alikula ugali wa moto na asiye rafiki alikula mkate. Mwezi Aprili watu wawili waliumizana kwa sababu ya sufuria ya maharagwe, na Bi Ghada wa ofisi ya makazi akasema khalas, jiko linafungwa, kila mtu ale chakula cha kantini, ndipo Hudson akamwomba wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili aliandika kurasa kumi na moja, akaziita Hati ya Jengo la Pili, akigawa madaraka, kwamba mwenye ufunguo asipange ratiba, anayepanga ratiba asisikilize malalamiko, kila ofisi ichaguliwe upya baada ya miaka miwili, na mkazi yeyote akiuliza swali kwenye mkutano ajibiwe ndani ya siku saba. Bi Ghada alikubali kwa sharti moja, kwamba kila baada ya miaka miwili apelekewe majina mapya ya viongozi kabla ya mwisho wa Novemba, yasipofika anafunga jiko. Alfred alinyang'anywa mambo mawili kati ya matatu, na kwa mwezi mzima alimwita kaka yangu Gavana, lakini mwaka 2020 Alfred alipomshtaki Hudson kwa kuchelewesha mkutano, Hudson alisimama mbele ya watu wote, akajibu, akaomba radhi, na tangu siku ile wawili hao wakawa wanapika chungu kimoja. Mara mbili mlitaka awe mwenyekiti, mara mbili akakataa, akisema aliyeishona kanzu si lazima aivae, akabaki karani.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kuumwa tumbo, tarehe 11 Juni madaktari wakabaini saratani ya ini, na tarehe 6 Oktoba akalazwa. Tarehe 24 Oktoba, siku yangu ya mapumziko, aliniomba nimletee Hati, akaisoma polepole, kisha akacheka hadi nesi akaja kuangalia, kwa kuwa alikuwa ameliona kosa lake mwenyewe, kwamba Ibara ya kumi na moja inasema mkutano huitwa na karani peke yake, na karani huchaguliwa na mkutano, basi karani akifa hakuna wa kuita mkutano wa kumpata mwingine. Nilimkasirikia, nikamwambia afikirie watoto, akasema watoto nimeshawaandikia, sasa shika kalamu tuliandikie jengo, nami niliandika huku nalia.

Alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba, saa tisa alasiri, akiwa ametulia, nami nikiwa nimemshika mkono. Tangu hapo najua mmebishana, Protas, meneja wenu anayeshika ufunguo wa jiko sasa, akitaka kuita mkutano ili jiko lisifungwe, wengine mkisema meneja akiita mkutano tumerudi kulekule tulikotoka, na Protas mwenyewe, Mungu ambariki, akakubali asiuite, ingawa zimebaki siku kumi na sita Novemba iishe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Ghada aliyekuja kumwona mara tatu, wasimamizi waliobadilisha zamu ili mfike hapa, majirani wanaokesha na Jecinta huko nyumbani, na wewe Alfred, uliyempelekea uji kila siku hadi mwisho.

Sasa namalizia alichoniagiza. Ibara ya kumi na mbili inasema tangazo la mkutano libandikwe kwenye mlango wa jiko siku saba, au lisomwe mbele ya theluthi mbili ya wakazi waliokusanyika, na walinzi wa zamu tatu hawajawahi kukusanyika hivyo, hata Krismasi, lakini kaka yangu alipiga hesabu akasema kuna siku moja watakuja. Theluthi mbili ni watu sabini na tisa, na daftari la mlangoni lina sahihi tisini na tatu. Tangazo lenyewe, lenye sahihi yake ya tarehe 24 Oktoba, linasema hivi: mimi, Hudson Wabwile, karani, naita mkutano wa wakazi wa Jengo la Pili mahali popote itakaposomwa historia yangu, mara tu itakapomalizika kusomwa, ajenda ya kwanza kuchagua karani, ya pili kurekebisha Ibara ya kumi na moja, kosa ni la mwandishi.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, na wakazi wa Jengo la Pili tafadhali wabaki vitini.